Sheria Zetu Zimtaje Mtu

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya kutolea haki mahakamani. Hilo ni jambo kubwa, nasi twalisifu. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru mwananchi alihukumiwa kwa sheria ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisoma. Aliambiwa kwamba kutoijua sheria si udhuru, kisha sheria yenyewe akafungiwa ndani ya lugha ya watu wengine.

Kazi ya kufasiri sheria ni kazi ya wataalamu, nasi hatutaki kuwafundisha kazi yao. Lakini kuna neno moja ambalo hapana budi lisemwe mapema, kabla wino haujakauka. Sheria ya nchi ni ya watu wote, wanawake na wanaume. Basi na iandikwe kwa maneno ya watu wote.

Twajua wako watakaocheka. Watasema: wananchi wanalilia maji na mbolea, nanyi mnazungumza habari za maneno! Twawaomba wasubiri kidogo. Neno la barazani hupita na upepo, bali neno la sheria hutoa shamba na hunyang'anya shamba. Humpa mtu kura, na humnyima kura. Mwenye kudharau maneno ya sheria ni yule ambaye hayajamgusa bado.

Kwanza tutazame utajiri tulio nao. Kiswahili kimetupa kitu ambacho mataifa mengine wanakitafuta kwa taabu. Hakimu amesema, mkulima amelima, mbunge amesimama. Katika maneno hayo hakuna anayejua kama msemaji ni mwanamke au ni mwanamume, wala hakuna haja ya kujua. Herufi moja, "a", inawatosha wote wawili. Neno "yeye" halina mke wala mume. Mwananchi ni mwana wa nchi, awe binti awe kijana wa kiume. Mwenyekiti ni mwenye kiti, na kiti hakiulizi aliyekikalia amevaa kanga au suruali.

Ushahidi twaupata karibu. Mwezi Machi 2021 Rais John Magufuli alifariki akiwa madarakani, na tarehe 19 ya mwezi ule Samia Suluhu Hassan akaapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kushika cheo hicho. Katiba ya mwaka 1977 ilipotungwa hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukikalia kiti hicho. Hata hivyo siku ile haikuhitajika kubadilisha hata herufi moja ya maandishi ya Kiswahili. Yalisema Rais, yalisema mtu, yalisema ataapishwa. Na mtu mwenyewe akaja akaapishwa. Tafsiri ya Kiingereza ndiyo iliyobaki ikimwita Rais kwa neno la mwanamume.

Sasa tuangalie walikotoka hao waliotuachia sheria za Kiingereza, ili tujue kwa nini jambo hili si mchezo.

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufupisha maandishi ya sheria zao. Ilisema kwamba neno la kiume likiandikwa, na mwanamke amo ndani yake, isipokuwa pale ambapo imesemwa vingine. Ukisikia hivyo utadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 1867, walipokuwa wakipanua haki ya kupiga kura, mbunge John Stuart Mill alisimama akaomba neno "mwanamume" liondolewe na mahali pake liandikwe "mtu". Aliomba neno moja tu. Wabunge 73 walikubali, 196 wakakataa.

Mwaka uliofuata, wanawake zaidi ya 5,000 wa Manchester walidai waandikishwe kupiga kura, kwa hoja kwamba walikuwa na nyumba na walitimiza masharti kama wanaume. Wakaitaja ile sheria ya 1850. Mahakama ikawakatalia. Ikawaambia kwamba Bunge haliwezi kudhaniwa kuwa limewapa wanawake jambo kubwa kama kura bila ya kusema waziwazi. Lakini kodi za nyumba zao waliendelea kulipa. Kwa mzigo, mwanamke alikuwamo ndani ya neno la kiume. Kwa haki, akawa nje. Hiyo ndiyo hila ya maneno ambayo msomaji lazima aitie moyoni.

Na wala msidhani kwamba neno "mtu" peke yake lilitosha. Kanada sheria yao ya mwaka 1867 ilisema kwamba watu wenye sifa fulani waweza kuteuliwa kuingia katika Seneti. Watu! Hakuna neno la kiume hapo. Lakini mwaka 1928 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba mwanamke si katika "watu" waliokusudiwa. Wanawake watano wakapeleka shauri hilo hadi kwenye baraza la rufaa la Mfalme huko London, na tarehe 18 Oktoba 1929 baraza likaamua kwamba mwanamke naye ni mtu. Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Ilihitajika miaka zaidi ya 60, na rufaa ya kuvuka bahari, ili mama wa watu atambuliwe kuwa ni mtu.

Miaka 19 baadaye, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandika Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, maandishi ya Kiingereza yalitaka kuanza kwa kusema kwamba wanaume wote huzaliwa huru. Aliyesimama kulikataa neno hilo ni Hansa Mehta wa India, mama aliyepigania uhuru wa nchi yake mpaka akafungwa gerezani na wakoloni. Kwa juhudi yake likaandikwa neno la binadamu wote. India ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru. Ni jambo la kukumbukwa na kila mtu wa nchi iliyotawaliwa, kwamba aliyewasahihisha wakubwa wa dunia alitoka kwa watu waliotawaliwa jana.

Na Waingereza wenyewe? Mwaka 2007 Serikali yao ilitangaza kwamba tangu hapo miswada yake itaandikwa kwa maneno yasiyombagua mwanamke wala mwanamume. Basi mwenye nguo ameivua. Je, sisi tuiokote tuivae?

Maana hatari ndiyo hiyo. Lugha yetu ni safi, lakini mkono unaofasiri waweza kuichafua. Mfasiri akikuta neno la kiume la Kiingereza, na akaona haya kuliacha bila kulitolea jina, ataandika "mwanamume" mahali ambapo "mtu" ingetosha. Akikuta mume ametajwa, ataandika "mume" hata kama jambo lenyewe lawahusu wenzi wote wawili. Hapo atakuwa ametia ubaguzi katika lugha ambayo haikuwa nao.

Na tayari upo ubaguzi mwingine uliokwisha ingia maofisini kwa mlango wa mazoea. Wakati wa ukoloni tulikuwa na Bwana DC na Bwana Shauri. Wao wakaenda zao, lakini "bwana" akabaki. Tukapata Bwana Shamba, Bwana Afya, Bwana Mifugo. Dada aliyehitimu chuo cha kilimo akifika kijijini, wenyeji hawajui wamwiteje. Wengine humwita Bibi Shamba, wengine wanangoja Bwana Shamba aje. Cheo chake katika maandishi ni Afisa Kilimo. Jina hilo lipo, halina kasoro, na latosha. Kwa nini barua na mabango yaendelee kusema vingine?

Tazama na fomu. Fomu yauliza jina la mkuu wa kaya, na karani, bila ya kuinua kichwa, amwambia mama aliyesimama mbele yake akamlete mumewe. Neno "mkuu" halikusema mume. Ni karani aliyelisoma hivyo. Fomu nyingine yauliza jina la baba na haina nafasi ya jina la mama. Neno "mzazi" lipo, na kila mtoto analijua tangu darasa la kwanza.

Wala mambo haya hayawadhulumu wanawake peke yao. Kanuni ya mafao ikisema kwamba malipo yatakwenda kwa mjane, je, mwanamume aliyefiwa na mkewe mwalimu atapata nini? Mwanamume huyo kwa Kiswahili ni mgane, si mjane. Basi kanuni iliyoandikwa kwa haraka yaweza kumwacha mgane na watoto wake mikono mitupu, ingawa marehemu alikatwa mshahara wake kila mwezi kama wenzake. Iandikwe "mwenzi aliyefiwa", na nyumba zote mbili zitakuwa zimepata haki.

Hapo ndipo twafika kwenye jambo lililo gumu zaidi, na twaomba lisomwe kwa makini. Kuna watu wanaofikiri kwamba ukifuta maneno "mwanamke" na "mwanamume" kila mahali, basi umeleta usawa. Sivyo. Neno la wote laweza kuwa mlango, na laweza kuwa pazia.

Tukumbuke uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wa 1958 na 1959. Masharti ya mpiga kura yalitaka kiasi fulani cha elimu, au cha kipato, au cheo fulani. Hayakuhitaji kusema "mwanamke asipige kura". Lakini ni wasichana wangapi waliokuwa wamepelekwa shule? Ni akina mama wangapi waliokuwa na mshahara? Akina mama waliokuwa wakiuza maandazi ili chama kipate nauli, akina mama waliomfuata Bibi Titi Mohamed mkutano kwa mkutano tangu 1955, wengi wao walibaki nje ya masharti hayo, pamoja na wakulima wengi wanaume. Sharti halikumtaja mtu yeyote kwa jinsia yake, lakini lilijua litamwacha nani.

Kwa hiyo, pale ambapo desturi au historia imemweka mtu nyuma, sheria imtaje kwa jina lake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilifanya hivyo. Hazikutosheka kusema kwamba kila mtu ana haki ya ardhi. Zilisema kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuitoa ardhi ni sawasawa na haki ya mwanamume. Na katika baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, sheria ilitaka watatu wawe wanawake. Kwa nini ilibidi kusema hivyo? Kwa sababu neno "mtu" lilikuwa limekwisha pimwa likaonekana halitoshi. Katika kesi ya Ephrahim na Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake alishtakiwa na jamaa yake, kwa kuwa desturi iliyoandikwa haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki hiyo kama mwanamume. Lakini si kila mjane au binti wa marehemu ataweza kwenda mpaka Mahakama Kuu. Afadhali sheria yenyewe iseme.

Hata Katiba ilibidi iongezewe. Kifungu kinachoeleza maana ya ubaguzi hakikuitaja jinsia mpaka marekebisho ya mwaka 2000. Wenzetu wa Kenya nao, katika Katiba yao iliyotangulia, neno hilo liliingizwa mwaka 1997. Watu wa nchi zote mbili waliona kwamba kunyamaza si usawa.

Iko na hali ya tatu, nayo ni pale ambapo sheria yenyewe imempa mmoja kilichonyimwa mwingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuolewa kwa msichana kuwa miaka 15, na wa kuoa kwa mvulana miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba jambo hilo lapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kama ilivyotungwa, ilimfungulia njia ya uraia mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania, lakini haikumfungulia njia hiyo hiyo mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania. Katika sheria kama hizo mfasiri hana ruhusa ya kuficha. Akiandika "mwenzi" mahali palipoandikwa "mwanamke", atakuwa amebadilisha sheria bila ya Bunge. Afasiri kama ilivyo, ubaguzi uonekane mchana, kisha Bunge liiondoe kasoro hiyo kwa kura. Dawa haiwekwi juu ya kidonda kilichofunikwa.

Tena tusijidanganye kwamba maneno mazuri hujitekeleza yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilichagua maneno yasiyompendelea yeyote: wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wasizidi theluthi mbili kwa jinsia moja. Maneno hayo yanamlinda mwanamke leo na yatamlinda mwanamume kesho akiwa mchache. Lakini Bunge lao lilishindwa kutunga sheria ya kuyatekeleza, hata Jaji Mkuu David Maraga, mwezi Septemba 2020, akamshauri Rais alivunje Bunge hilo. Neno lilikuwa sawa, na nia ikakosekana. Sisi twataka vyote viwili.

Wako watakaosema kwamba habari hizi ni mambo ya Kizungu. Tunawajibu: Wazungu ndio waliohitaji karne nzima kujifunza kile ambacho Kiswahili kimekuwa nacho siku zote. Tunapodai sheria imtaje mtu, hatuigi mgeni. Twarudi nyumbani. Chama cha ukombozi kilipotaka neno la kuitana hakikuchagua bwana wala bibi. Kilichagua "ndugu". Waziri ni ndugu, mfagizi ni ndugu, mwanamke ni ndugu, mwanamume ni ndugu. Watu walioanza barua zao kwa neno hilo walijua siasa, na walijua Kiswahili.

Basi twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mahali ambapo jinsia haina kazi, sheria na barua za Serikali ziseme mtu, mzazi, mwenzi, mtumishi, afisa. Mfasiri akikuta neno la kiume la Kiingereza, ajiulize: je, jambo hili lamhusu mwanamume peke yake? Ikiwa sivyo, aandike "mtu" na aendelee na kazi.

Pili, mahali ambapo desturi imemweka mwanamke nje, hasa katika ardhi, mirathi na uongozi wa kijiji, sheria imtaje waziwazi, asiachwe kwa rehema ya msomaji.

Tatu, sheria yenye ubaguzi ifasiriwe kwa uaminifu, na orodha ya sheria za namna hiyo ipelekwe Bungeni zirekebishwe.

Nne, fomu zote za ofisi za vijiji, mitaa na wilaya zikaguliwe. Hili halihitaji Bunge wala fedha nyingi. Lahitaji mkurugenzi mwenye kalamu na nusu siku ya kazi.

Kwa wanachama wetu tuna ombi pia. Sheria ya Kiswahili ikifika tawini isifungiwe kabatini. Isomwe kwa sauti mkutanoni, akina mama wakiwa mbele, si nyuma ya mlango. Asiyejua kusoma asomewe. Kila panapoandikwa "mtu", msomaji asimame aulize: je, na mama huyu ni mtu hapa? Wakiitikia wote kwamba ndiyo, mwandishi wa tawi aiandike siku hiyo katika muhtasari. Pakizuka ubishi, ubishi huo nao uandikwe na uletwe kwetu, kwa maana hapo ndipo sheria inapohitaji kuandikwa upya.

Uhuru ulipatikana kwa jasho la wanawake na wanaume. Hakuna aliyewauliza jinsia yao walipokuwa wakitoa senti zao. Na wasiulizwe leo wanapokuja kudai haki yao.